Kabla ya kuchimba Tanga: ramani ya GST, jalada la ofisi, kipimo cha shambani au mzee wa kijiji?

Anayenunua shamba Kigombe, Mabokweni au Daluni huuliza bei, hati na barabara. Swali la kilichopo chini ya shamba huja nyuma kabisa, mara nyingi siku ambayo mtambo wa kuchimba kisima umeshaegeshwa chini ya mwembe na wenyewe wanataka malipo ya awali. Mchimbaji mdogo wa Kilindi au wa bonde la Umba naye hana tofauti: leseni mkononi, vijana wameshakusanywa, duara (shimo la kuchimbia) linaanza kuteremka, ndipo mtu anauliza kama kuna aliyewahi kupima hapa.

Aliyewahi kupima yupo. Serikali inapima miamba ya nchi hii tangu 1925, ilipoundwa idara ya jiolojia ya Tanganyika, ambayo leo ni Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, GST, yenye makao Dodoma. Maji yana ofisi zake, leseni za madini zina zake, wapo wataalamu wa kukodi, na wapo wazee waliochimba visima vya kijiji kabla ya hao wote. Mtu wa Tanga hakosi pa kuuliza. Anachokosa ni kujua swali lipi lipelekwe wapi, maana ukimuuliza mmoja swali la mwenzake atakujibu tu, na jibu hilo litakula fedha yako.

Vigezo

Nitazipima njia zote nne kwa mambo yale yale. La kwanza ni upana: jibu linahusu wilaya, kijiji, au pale unaposimama? La pili, inajibu nini hasa. "Kuna maji?" ni swali moja, "yako mita ngapi?" ni jingine, "yanatosha kumwagilia?" ni la tatu, na "yananyweka?" ni la nne. Kwenye madini ni vivyo hivyo: mwamba unaoweza kubeba dhahabu si dhahabu, na dhahabu iliyoonekana si lazima iwe dhahabu inayolipa. La tatu ni gharama na muda. La nne ni uzito wa jibu mbele ya sheria na mbele ya anayekukopesha. La tano matangazo hayalitaji, lakini mimi ninalipatia nafasi kubwa kuliko yote: njia hii inapokosea, hukosea vipi?

Ardhi yenyewe

Toka ufukweni uelekee magharibi. Tongoni na Mwambani umesimama juu ya mchanga na matumbawe ya kale yaliyoinuka kutoka baharini. Ukielekea Amboni, Maweni na Pongwe unaingia kwenye mawe ya chokaa ya enzi ya Jura, zama za dinosaria, ndiyo yaliyoliwa na maji hadi yakawa mapango ya Amboni, na ndiyo yanayolisha viwanda vya saruji na chokaa. Nyuma yake kuna miamba ya mchanga na tope lililogandamana, ya enzi ya Karoo, iliyotangulia Jura. Kisha, kuanzia upande wa Muheza, Usambara yote, hadi Korogwe na Handeni, ni miamba migumu ya kale iliyopikwa kwa joto na mgandamizo: naisi na jamaa zake.

Kila ukanda una tabia yake. Kwenye naisi maji hukaa katika tabaka lililooza juu ya mwamba na ndani ya nyufa. Ukikosea mita 30 pembeni unaweza kutoka na kisima kikavu huku jirani anapampu. Chokaa ni kama mkate wa kumimina, imejaa matundu: tundu moja lina maji ya kutosha kijiji, hatua chache pembeni ni jiwe kavu, na kilichomwagwa kwenye choo cha jirani hupita bila kuchujwa. Pwani kwenyewe maji hayana shida kupatikana. Shida ni chumvi.

Hapo pa chumvi nisimame kidogo, kwa sababu ndipo watu wa Tanga wanapopoteza fedha nyingi. Maji matamu huelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kwa kanuni inayotumiwa na wataalamu, kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari kuna kama mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo kabla hujakutana na chumvi. Sasa igeuze hesabu: ukipampu hadi ukashusha maji kwa nusu mita tu, chumvi imepata nafasi ya kupanda mita 20. Kwa hiyo mtu wa Mwambani anayeambiwa "tuongeze kina, matamu yako chini" kwa kawaida anaambiwa kinyume cha mambo yalivyo, na anayemwambia analipwa kwa mita.

Madini nayo hufuata miamba. Yakuti za rangi mbalimbali za bonde la Umba hutoka pale mishipa ya pegmataiti, jiwe la chembe kubwa, ilipokata mwamba wa kijanikijani uitwao serpentinaiti. Dhahabu iko upande wa Handeni na Kilindi. Na mwishoni mwa 2003 watu walimiminika kwenye vijito vya Usambara Mashariki kutafuta dhahabu, mpaka ndani ya hifadhi ya Amani, huko huko unakoanzia mto Zigi unaounywesha mji wa Tanga. Katika mkoa huu, maji na madini hayakai mbalimbali.

Njia ya kwanza: ramani na ripoti za GST

*Upana.* Ramani za msingi za jiolojia zimeigawa nchi katika vipande vya robo digrii, kila kimoja kama kilomita 55 kwa 55. Za zamani nyingi ni za skeli ya 1:125,000, za karibuni 1:100,000. Chukua rula. Kwa skeli ya 1:100,000, milimita 1 ya karatasi ni mita 100 za ardhi. Shamba la eka 5 halifiki milimita 1 na nusu. Eneo la hekta 10 la mchimbaji mdogo ni kama milimita 3. Wino wa mstari unaotenganisha mwamba mmoja na mwingine unaweza kufunika karibu eka nzima.

Kuna pia upimaji wa angani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ndege zilipita juu ya nchi zikisoma usumaku na mionzi ya miamba, mistari yao ikiachana kilomita 1, ambayo ni nafasi ya kutosha kwa shamba lako kulala katikati bila kuguswa. Upimaji wa kisasa wenye mistari iliyobanana umefunika sehemu ndogo. Wizara ya Madini ilipozindua dira yake ya 2030 ilisema ni asilimia 16 ya nchi, na lengo ni kufikia angalau asilimia 50.

*Inajibu nini.* Mwamba gani uko wapi, una umri gani, mipasuko mikubwa inaelekea upande upi, na madini gani yamewahi kuonekana karibu. Kwa mtafuta vito wa Umba jambo hili ni kubwa: ramani ikishakuonyesha serpentinaiti imeishia wapi, sehemu kubwa ya pori imeondoka kwenye orodha yako. Kwa mtafuta maji inakwambia uko kwenye ukanda upi kati ya ile niliyoitaja, na hilo peke yake linaamua kipimo kipi cha shambani kina maana. Zaidi ya ramani, GST huhifadhi taarifa za kampuni zilizokuwa na leseni za utafiti, kwani sheria inawataka wenye leseni kuwasilisha walichokipata. Kampuni iliyotafuta Handeni ikaondoka imeacha sampuli na namba pia, si mashimo peke yake.

*Gharama na muda.* Ramani ni rahisi kuliko chochote kingine katika makala hii ukiondoa soga na mzee. Gharama iliyojificha ni kuisoma: maelezo ni ya kitaalamu na ni Kiingereza, kwa hiyo huenda ukamlipa mtu saa mbili akufafanulie. Mlipe.

*Uzito wake.* Ni msingi mzuri wa ombi la leseni na wa mpango wa utafiti. Si ushahidi kwamba kuna mali. Ukienda benki na ramani peke yake utarudi nayo.

*Inapokosea.* Hukosea kwa ukimya. Mwanajiolojia hutembea anakoweza kufika, na huona mwamba pale unapochungulia nje ya udongo. Penye msitu au udongo mzito huunganisha alichokiona huku na alichokiona kule. Doa tupu kwenye ramani linaweza kumaanisha hakuna kitu, au kwamba hakuna aliyepita.

*Inamfaa nani.* Anayechagua eneo kabla hajalinunua au kuliombea leseni, halmashauri inayopanga vijiji kadhaa kwa pamoja, na mwalimu wa jiografia. Haimfai anayetaka kuambiwa "chimba hapa".

Njia ya pili: majalada ya ofisi za karibu

*Upana.* Kijiji na vijiji jirani. Kwa maji, sehemu kubwa ya mkoa iko chini ya Bodi ya Maji Bonde la Pangani yenye makao Moshi. Ofisi hiyo ya bonde ilianza 1991, na licha ya jina lake inasimamia pia Zigi, Umba, Msangazi na mito midogo ya pwani. Sehemu za Kilindi zinaangukia bonde la Wami/Ruvu, ambalo makao yake ni Morogoro, na watu wa Bagamoyo nao waelekee huko huko. Kwa visima vya vijijini kuna RUWASA wilayani, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2019 na kupokea pia kazi za uliokuwa wakala wa uchimbaji visima na mabwawa. Kwa madini ni ofisi ya Afisa Madini Mkazi, chini ya Tume ya Madini.

*Inajibu nini.* Kilichopatikana, si kinachodhaniwa. Kisima cha shule ya jirani kilifika mita ngapi? Maji yalikutwa wapi, yakapanda hadi wapi, yalitoa lita ngapi kwa saa, yalikuwa na chumvi kiasi gani? Visima vitatu vilivyoandikwa vizuri ndani ya kilomita mbili vinakufundisha zaidi ya ramani yoyote. Sijui kwa nini majalada haya yanadharauliwa. Huenda ni kwa sababu hayana mashine ya kupiga picha nayo.

Kwa mchimbaji madini swali ni jingine na ni la mwanzo kabisa: eneo hili ni la nani? Afisa Madini atakwambia kama kuna leseni ya mtu juu yake, na kama liko ndani ya hifadhi. Kupima kwa ustadi eneo lenye leseni ya mwingine ni kumfanyia kazi bure.

*Gharama na muda.* Barua, nauli na subira. Nenda na namba za latitudo na longitudo za shamba lako kutoka kwenye simu. Ukienda na "pale karibu na kwa Mzee Fulani" utazungushwa, na karani hatakuwa na kosa.

*Uzito wake.* Mkubwa kuliko zote, kwani vibali hutoka hapa. Kutumia maji ya kisima kirefu kunahitaji kibali cha bodi ya bonde chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, na kanuni za 2013 zinamtaka anayefanya utafiti wa maji ardhini na anayechimba kuwa na leseni. Ukianzia hapa unapata orodha ya wenye leseni kabla hujakutana na asiye nayo.

*Inapokosea.* Visima vikavu mara nyingi havipelekwi ofisini, kwa hiyo jalada linaweza kuonyesha bahati nzuri tupu. Visima vingi vya watu binafsi havimo. Namba za mahali huandikwa vibaya. Na ile "lita kwa saa" yaweza kuwa ilipimwa siku ya kuchimba tu, kwa kupuliza kisima kwa kompresa, mwezi wa Mei, mvua za masika zikiwa zimeijaza ardhi. Uliza kipimo kilifanyika mwezi gani na pampu iliendeshwa saa ngapi mfululizo.

*Inamfaa nani.* Kila mtu aliye na jirani mwenye kisima. Kwa pori lisilo na visima, jalada ni jembamba.

Njia ya tatu: kipimo cha shambani

Hii ndiyo watu wanayoiita savei. Inafanywa na ofisi za serikali kwa malipo na kampuni binafsi pia.

*Upana.* Nukta unayoisimamia na mita chache kuizunguka. Hapa njia hii haina mshindani.

*Inajibu nini.* Kwa maji, kipimo cha kawaida ni cha ukinzani wa umeme. Mtaalamu huchomeka vyuma vinne ardhini kwa mstari, vya nje hupitisha umeme, vya ndani husoma volti. Vya nje husogezwa mbali zaidi hatua kwa hatua, na kadiri vinavyoachana ndivyo umeme unavyopita chini zaidi. Mpangilio unaopendwa unaitwa Schlumberger. Mwisho unapata mchoro wa matabaka: udongo mkavu juu, tabaka lililooza, kisha mwamba mzima, yaani ambao haujaoza.

Kwenye naisi ya Muheza, Korogwe na Handeni kipimo hiki kiko nyumbani kwake. Mwamba mzima husoma maelfu ya om-mita (kizio cha ukinzani wa umeme) na tabaka lililooza lenye maji husoma chini mno, hivyo tofauti inaonekana wazi. Pwani mambo yanakuwa na utata. Maji ya bahari husoma chini ya om-mita 1 na hayo hayajifichi, lakini udongo wa mfinyanzi na mchanga wenye maji ya chumvichumvi vinaweza kutoa namba ile ile. Kwenye chokaa ya Amboni na Pongwe kipimo kinaweza kupita pembeni ya tundu bila kulijua.

Halafu kuna jambo la nafasi. Ili kusoma mita 60 au 80 chini, waya hunyooshwa mamia ya mita. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 Chumbageni hakina urefu huo. Hupimwa barabarani, kando ya mabomba ya chuma na nyaya za ardhini, kisha jibu likapewa kiwanja. Mwenye kiwanja kidogo amuulize mtaalamu waya zitalazwa wapi, kabla hajatoa senti.

Kwa madini, kipimo cha shambani maana yake ni mitaro, sampuli na mwishowe kudrili, yaani kutoboa mwamba kwa mtambo ili kutoa sampuli za chini. STAMICO, shirika la madini la taifa lililoanzishwa 1972, lina mitambo ya kudrili kwa ajili ya wachimbaji wadogo, na maabara ya GST hupokea sampuli za mtu yeyote. Maabara haidanganyi, lakini hupima ulichoipelekea. Ukichagua jiwe linalong'aa kuliko yote, utapewa gramu kwa tani za jiwe hilo, si za mwamba wako.

*Gharama na muda.* Siku moja au mbili za kupima maji na siku chache za kuandika ripoti. Bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya kuchimba. Kudrili kwa ajili ya madini ni daraja jingine kabisa: huko ushirika wa wachimbaji unaweza, mtu mmoja mara nyingi hawezi.

*Uzito wake.* Ripoti ya mwenye leseni hukubalika kwenye ombi la kibali. Kwa madini, matokeo ya kudrili yaliyopimwa maabara ndiyo yanayomfungua mdomo mtu wa benki.

*Inapokosea.* Hukosea kwa kujiamini. Ripoti huandikwa "maji yapo mita 48 hadi 62" kana kwamba mwandishi alishuka akayaona, ilhali mchoro mmoja wa umeme unaweza kusomwa kwa namna zaidi ya moja. Hatari huzidi pale anayepima ndiye huyo huyo anayechimba, maana hatakwambia usichimbe. Msemo wa Tanga wa waja leo warudi leo unawafaa wenye mitambo kuliko wageni wengine wote: kisima kikikauka Oktoba hutawaona. Dai mambo haya kwenye ripoti: angalau nukta mbili au tatu zilizopangwa kwa ubora, namba zilizosomwa na si rangi tu, na kina ambacho mkikifika bila maji mtasimama.

*Inamfaa nani.* Aliyeshaamua eneo, amesoma jalada, na yuko kwenye miamba migumu. Pia taasisi inayotaka kibali.

Njia ya nne: wenyeji

*Upana.* Kitongoji, lakini kwa miaka mingi. Hakuna ofisi yenye kumbukumbu hiyo.

*Inajibu nini.* Mzee wa Tongoni anajua kisima gani hugeuka chumvi mwezi wa Februari, na kipi hupanda na kushuka na maji ya bamvu, yaani bahari inapojaa kupita kawaida. Hicho cha mwisho ni taarifa ya kisayansi kamili: kisima kinachofuata bamvu kimeungana na bahari. Anajua mikuyu ilipo, korongo gani lina unyevu kiangazi kizima, na shimo gani lilitelekezwa na kwa nini. Wachimba visima kwa mkono wanajua mwamba unaanza futi ngapi, kwa sababu ndipo sururu zao zilipogota.

Mpiga kijiti, yule anayetafuta maji kwa kijiti kinachoinama mkononi, nimweke mbali na hao. Majaribio yaliyofanywa mpimaji akiwa hajui maji yalipo hayajaonyesha kwamba kijiti kinashinda kubahatisha. Anasifiwa kwa sababu pwani ukichimba karibu popote utakuta maji, na wapiga kijiti wengi ni watu wanaoisoma ardhi vizuri kwa macho. Macho yake yana thamani, kijiti aweke chini.

*Gharama na muda.* Heshima, kahawa, na jioni moja au mbili. Usiende na daftari mkononi mara ya kwanza.

*Uzito wake.* Hauna mbele ya sheria. Mbele ya kijiji unao mkubwa: kisima kilichochimbwa bila kuwauliza wazee huanza na fitina.

*Inapokosea.* Kumbukumbu hukoma pale sururu ilipokoma. Kuhusu mita 70 mwenyeji hana habari, na ya zamani huenda si ya leo, kwani visima vya pampu vilivyoongezeka ufukweni hubadilisha mpaka wa chumvi.

*Inamfaa nani.* Anayetaka kisima kifupi cha nyumbani, na mgeni yeyote kabla ya kwenda kwingine kote.

Kwa hali yako

Kama una kiwanja mjini penye bomba, tafuta kwanza bei ya kuunganishiwa na mamlaka ya maji ya Tanga, ambayo mwaka 2024 iliuza hati fungani ya kijani (mkopo kutoka kwa wawekezaji kwa miradi inayojali mazingira) ili kupanua huduma. Kisima cha mjini juu ya chokaa au matumbawe, kati ya vyoo vya mashimo, kinahitaji maabara kuliko kinavyohitaji mtambo.

Kama uko ufukweni, Mwambani hadi Kigombe na Pangani, anza kwa wenyeji, kisha jalada la bonde ukaangalie chumvi ya majirani. Kipimo cha shambani kitakusaidia kujua chumvi iko wapi. Panga kisima kifupi chenye pampu ndogo inayofanya kazi saa nyingi polepole, badala ya kirefu chenye pampu kubwa.

Kama una eka kadhaa Muheza, Korogwe au Handeni na unataka kumwagilia, jalada la bonde na RUWASA kwanza, kipimo cha shambani pili, na usiruke cha pili hata kama jirani ana maji. Ramani ya GST inafaa kama bado hujanunua.

Kamati ya maji ya kijiji haina sababu ya kumtafuta mpimaji yenyewe. Iandikie RUWASA wilaya, ikiambatisha orodha ya visima vyote vya kijiji na miezi vinapokauka. Orodha hiyo mtaalamu hawezi kuipata kwa siku moja, nanyi mnaweza.

Mchimbaji mdogo wa vito au dhahabu aanze kwa Afisa Madini kujua eneo ni la nani, aje kwenye ramani na taarifa za zamani za GST, ndipo aingie kwenye mitaro na sampuli. Kudrili kuje mwisho, na mkiwa kikundi. Anayeanza na mtambo anarudi kwenye kubahatisha kule kule, kwa bei ya juu zaidi.

Na kama tayari una kisima kikavu, usikubali kuhamia hatua ishirini na kujaribu tena. Mdai mchimbaji rekodi ya kila mita aliyopita: udongo gani, mwamba gani, ulilainika wapi, unyevu ulionekana wapi. Ipeleke rekodi hiyo kwa mtaalamu asiye na mtambo, pamoja na ripoti ya kipimo cha mwanzo, akuambie kama kosa lilikuwa la nukta, la kina au la eneo zima. Kama ni la eneo zima, lita moja zaidi haitatoka hapo, na fedha iliyobaki ikajenge tangi la kuvuna maji ya mvua.